Hesabu Iliyosahau Mazishi

Watu wakiniuliza kazi yangu nikawajibu kwamba natunga modeli za hesabu, wengi huniangalia kwa huruma, kana kwamba nimetaja ugonjwa. Zamani nilikuwa nakasirika. Siku hizi nawauliza wao kwanza: ukimeza tembe ya kichwa asubuhi, mbona mchana maumivu yanarudi? Dawa imeingia mwilini, mwili nao unaitoa polepole, na kadiri inavyopungua ndivyo inavyotoka kidogo zaidi. Hiyo ni modeli, na inaandikika kwa mstari mmoja. Mstari huohuo, ukibadilisha maana ya herufi tu, unaeleza jinsi uji unavyopoa kikombeni. Hapo wengine huanza kunisogezea kiti.

Naipenda hesabu kwa sababu haina kabila. Leo inamtumikia daktari, kesho inamtumikia mtu wa mimea anayetaka kujua gugu maji litafunika ghuba yetu kwa kasi gani, keshokutwa injinia wa maji taka anaikopa bila hata kuomba. Kile kinachobadilika tunakiita kigeu: joto, upepo, umri, uzito. Tunakipa herufi moja ili tusichoke kukitaja. Kazi yangu yote hapa Kisumu ni kuamua vigeu vipi viingie na vipi viachwe nje. Ukiacha nje kimoja kilicho muhimu, modeli itakudanganya kwa adabu kabisa, tena kwa grafu ya rangi nzuri.

Modeli iliyonitoa jasho kuliko zote ni ya samaki wa shangazi yangu. Kwetu shangazi ni Waya, na mimi sijawahi kumwita jina jingine. Aliolewa Seme, ng'ambo ya Kombewa ukielekea majini, na tangu afiwe na mumewe yeye na wanawake wenzake wa kikundi wanafuga ngege, yaani tilapia, kwenye vizimba ziwani. Kizimba ni fremu ya chuma inayoelea juu ya mapipa, na chini yake umening'inia wavu mkubwa kama mfuko. Samaki huwekwa humo wakiwa wadogo na kulishwa hadi wafae kwa sufuria. Waya aliianza kazi hii ukubwani, lakini ilimkaa mwilini vizuri. Sauti yake ilipanda, hatua zake zikawa ndefu, na akaanza kubishana na wanunuzi kwa raha ambayo sikuwahi kuiona kwake mumewe alipokuwa hai.

Kisha samaki wakaanza kufa. Hawakufa kila siku, na hilo ndilo lililotutesa. Asubuhi moja unakuta wengi wanaelea matumbo juu, halafu zinapita wiki kadhaa za amani, halafu wanakufa tena. Wanakikundi wakaanza kusema ziwa limechoka, vizimba vitolewe na vyuma viuzwe. Mwana wa Waya, anayefanya kazi Nairobi, alipokea habari hizo kwa masikitiko yenye furaha ndani yake. Alishamwandalia mama chumba, na pazia ameweka. Waya akanipigia simu.

"Nyathina," alisema, yaani mwanangu, "sasa mimi huko Nairobi nitafanya nini? Nikae kwa kiti naangalia TV, nangoja mtu atoke job anifungulie mlango? Wewe si ulisoma hesabu ya kila kitu? Basi kuja usomee samaki yangu."

Niliogopa, nakiri, kwa sababu sijui samaki ila kwenye sahani. Lakini nilipokaa na karatasi nilimwona rafiki yangu wa zamani. Samaki hafi kwa maji, hufa kwa kukosa oksijeni iliyomo majini. Oksijeni inaingia kutoka kwa upepo unaovuruga ziwa na kutoka kwa mimea midogo ya majini wakati wa jua. Inatoka kwa pumzi ya samaki wenyewe, na usiku hata ile mimea nayo huivuta. Kitu kinaingia, kitu kinatoka, tunauliza kimebaki kiasi gani. Ni dawa mwilini, imevaa magamba.

Nikafunga kipimo cha oksijeni kwenye kizimba cha Waya. Nikaingiza joto, upepo, kina cha maji na uzito wa samaki. Wiki za kwanza modeli ilikwenda sambamba na ziwa kama ng'ombe wawili wa jembe moja, na mimi nikaanza kutembea kwa maringo. Ikasema asubuhi fulani itakuwa salama. Waya akanipigia kabla sijanywa chai, na hakunisalimu.

"Umesema ni sawa. Kuja uone sawa yako."

Nililaumu kipimo. Nikalaumu betri, nikalaumu jua, nikalilaumu ziwa lenyewe. Waya hakunilaumu, na hilo liliniuma zaidi. Aliniambia tu kwamba kikundi kimekubali kungoja kidogo, na kwamba wakifa tena itakuwa basi. Mwanawe alikuwa ameshamwuliza anapenda kitanda cha aina gani.

Jibu lilikuja siku ambayo hata sikuwa kazini. Jirani wa Waya alikuwa anazikwa Jumamosi, nami nikatoka mjini Ijumaa, nikanunua ndizi soko la Otonglo, nikafika Seme jua likianza kulegea. Waya alikuwa ufuoni tayari, leso kiunoni, akaniambia nipande boti haraka. Tulipofika kizimbani alimwaga chakula, samaki wakakirukia kwa fujo. Kisha akainua ndoo ya pili, akamwaga tena.

"Waya, mbona unarudia?"

"Si kesho tuko mazishi? Sisi wamama tunapika kutoka asubuhi mpaka watu waende. Nani atakuja huku? Wewe unaweza enda matanga uache watoto kwa nyumba bila chakula?"

Nikatazama vizimba vingine. Kila mwanamke alikuwa na ndoo ya pili. Walikuwa wanafanya jambo la heshima na la upendo, lile ambalo mama yeyote wa kwetu angefanya kabla ya kwenda msibani.

Mimi nikaketi kwenye ubao wa boti. Kabla ya samaki niliwahi kusaidia wauguzi wa hospitali moja kupanga dozi, na huko tulikuwa na wagonjwa waliomeza vidonge vya siku nzima kwa mkupuo mmoja kila wakienda mazishi, maana waliona haya kutoa dawa mbele ya wakwe. Jumla ya vidonge ilikuwa ileile, lakini mwili haukutazama jumla. Ulipigwa na wimbi moja kubwa. Na samaki aliyeshiba huvuta pumzi nyingi zaidi, saa nyingi baada ya kula, usiku uleule ambao oksijeni inapungua.

"Waya, wale waliokufa juzi, ilikuwa siku gani?"

"Jumamosi. Tulikuwa tunazika mama wa mwalimu."

"Na kabla ya hapo?"

"Hiyo ilikuwa ya mzee wa posho mill. Pia ilikuwa..." Akaitazama ndoo tupu mkononi. "Woi! Nyathina, sisi ndio tunawaua?"

Nilimshika mkono nikamwambia hapana, si ninyi peke yenu. Mazishi mengi yalikuwa yamepita bila samaki kufa, kwa sababu upepo ulivuma, na ndiyo maana hakuna aliyeshuku. Ilihitaji joto, utulivu wa maji na msiba, vyote vitatu pamoja. Usiku ule upepo ulivuma na samaki wakapona. Nami niliporudi Kisumu niliongeza kigeu kipya, herufi M ya matanga, na modeli ikafuata vifo vyote vya nyuma bila kukosea. Nilicheka peke yangu ofisini hadi nikatokwa na machozi. Katika vitabu vyote nilivyosoma, hakuna aliyewahi kuweka mazishi kwenye mlinganyo wa oksijeni.

Lakini kueleza yaliyopita si kazi ngumu. Baba mdogo wa marehemu mume wa Waya alipofariki, mzee aliyeishi hadi akachoka kuhesabu miaka, wiki ya maziko yake ilikuwa ya joto na ziwa limelala kama mafuta. Modeli ilisema wazi: wakilishwa Ijumaa jioni, Jumamosi watakufa. Nikaomba samaki wafunge. Mama mmoja wa kikundi akasimama, mikono kiunoni.

"Mzee amelala, na samaki pia mnataka walale njaa? Mimi naona hiyo ni mkosi."

Waya alimjibu bila kupandisha sauti. "Nyumba ikiwa na msiba, watu hawana hamu ya kula. Hawa samaki ni wa hii nyumba."

Kwa ninavyojua mimi, kwenye matanga yetu watu hula wakashiba na kubeba, lakini hoja ikapita. Ndoo zikabaki ufuoni. Mwana wa Waya alikuwa amefika na gari lake, akatuangalia sisi wote kama watu wanaohitaji kuombewa. Mpango wake ulikuwa kurudi na mama yake Jumapili.

Kulipopambazuka tuliingia kwenye boti, Waya, mimi na mwanawe, aliyekuja kwa kulazimishwa. Kipimo kilionyesha oksijeni imeshuka hadi karibu na hatari, ikasimama hapo. Maji yalikuwa kimya mno. Waya akagonga fremu kwa kiganja. Kizimba kizima kikachemka kwa samaki, wazima, wenye njaa na hasira. Mtu wa hesabu hatakiwi kushangilia Jumamosi moja. Mimi nilipiga ukelele wa furaha hadi ufuoni wakadhani kuna mwili mwingine umefika.

Jioni, wageni walipotawanyika, Waya alivua nguo za msibani, akafunga leso, akashuka tena ziwani na ndoo. Mwanawe akamfuata hadi kwenye maji, viatu vyake vya mjini vikiloa.

"Mama, sasa kesho tutoke saa ngapi? Chumba iko tayari kabisa."

Waya aliweka ndoo botini, akamshika shavu kama anavyoshikwa mtoto mdogo, ingawa kijana ana mvi.

"Nitakuja kukutembelea, baba, nilale siku mbili nione hiyo pazia," alisema. "Lakini si saa hii. Saa hii niko kazini."