Yusufu Mwenye Patasi

Jiwe la sabuni la kwetu Tabaka, Kisii, likilowa maji linatoa harufu kama ya udongo uliopigwa na mvua ya kwanza, na hata leo nikiinusa narudi uani kwetu, beseni katikati ya miguu, msasa mkononi, nikisugua alichochonga Tata. Ndivyo tulivyomwita baba. Mwaka huo kanisa lilimwagiza achonge Yusufu wa pango la Krismasi. Mimi niliomba tu huyo Yusufu apokelewe, kwa sababu shuleni walituita watoto wa vumbi, na nilikuwa nimechoka kuficha mikono.

Tata hakumpa Yusufu msumeno. Alimpa patasi na nyundo, na vidole vinene vilivyopasuka kama vyake mwenyewe. Mwenyekiti wa kanisa, mwalimu mstaafu, aliizunguka sanamu mara mbili. "Mzee Ondieki, Yusufu alikuwa seremala. Hapa umejichonga wewe." Watu wakacheka. Mama akamuuliza, "Kwani mwalimu, wewe na Yusufu mlikuwa majirani?" Wakacheka zaidi, lakini Tata alikuwa ameshaanza kumfunga Yusufu wake kwa gunia amrudishe nyumbani. Nikaangalia chini.

Padri, mzee wa maneno machache, akamshika mkono. Akasema kule kwa kina Yusufu nyumba nyingi zilikuwa za mawe, na waliosikia Injili mwanzoni, katika lugha yake ya kwanza, waliambiwa fundi, si seremala tu, wakamwona mtu wa mbao na wa mawe pia. "Na watu wa kijiji waliposema Yesu ni mtoto wa fundi tu, hawakuwa wanamsifu. Walimaanisha, mwenye mikono ya vumbi atatufundisha nini? Walicheka kama tulivyocheka sasa hivi." Akamgeukia mwenyekiti. "Mbebe wewe. Mweke mbele."

Mwalimu akambeba. Suti yake nyeusi ikageuka nyeupe kifuani.

Mimi niliishia darasa la sita, na sioni haya kusema. Leo nina maduka matatu Kisii mjini na lori linalopeleka sanamu bandarini, na wenye digrii ndio wanaoniandikia barua zangu. Juzi nilialikwa kuzungumza katika kanisa lile lile. Niliposimama, nikasikia mmoja nyuma akinong'ona, "Huyu si mtoto wa yule mzee wa mawe?" Zamani ningeangalia chini. Nilimtafuta kwa macho mpaka nikampata, nikainua mikono yangu yote miwili aione.

"Ndiye," nikasema. Kisha nikaanza kuwafundisha.