Fundo la Mzee Kagua

Jina alilopewa na wazazi wake lilikuwepo, lakini mtaani lilishasahaulika. Watu walimwita Mzee Kagua, na hata mkewe akikasirika alimwita hivyo hivyo. Alikuwa mkata nyasi wa kituo cha afya, mwaka wa kumi na tisa sasa, na hakuwa na kitu kisichofungwa. Ndoo yake ilifungwa. Kiberiti chake kilifungwa. Hata kofia, akiivua ili anywe chai, aliifunga kwenye tawi kwa ukanda wa tyubu ya baiskeli, akaukaza kwa fundo alilolibuni mwenyewe: mizunguko miwili kulia, mmoja kushoto, ncha ikiangalia chini. Mtu akilifungua na kulirudishia, yeye alijua.

"Ncha inaangalia juu," alikuwa akisema, halafu macho yake yanaanza kutembea kwenye nyuso za watu, mmoja baada ya mwingine.

Basi mashine yake ya kukatia nyasi ikaanza kumwangusha. Asubuhi ukivuta kamba inawaka mara moja, inanguruma vizuri, inakula nyasi kama mbuzi aliyefungiwa siku mbili. Dakika ishirini tu, ikishapata moto, inaanza kukohoa. Sauti inashuka, inapanda, inashuka tena, halafu kimya. Vuta kamba mpaka bega liwake, haikusikii. Ikae kivulini nusu saa, inawaka kama si yenyewe iliyogoma.

Siku ya Jumatano matroni wa kituo alimsimamisha karibu na dirisha la kliniki.

"Mzee wangu, nyasi zimefika magotini. Wagonjwa wanasema wameona nyoka. Ijumaa jioni nikikuta hali ni hii, Jumatatu naleta mtu mwingine. Tusije tukalaumiana."

 Mzee Kagua alikuwa anawaza nani ameiroga mashine yake.

Alianza na muuza petroli. Huyo lazima anachanganya maji. Akamimina petroli kwenye chupa nyeupe, akaiweka juu ya jiwe, akachuchumaa mbele yake saa nzima akingoja maji yajitenge chini. Hayakujitenga. Akamhamia Mama Spana, mwanamke anayetengeneza pikipiki ng'ambo ya geti. Miezi miwili nyuma alimbadilishia plagi. Nani ajuaye kama hakung'oa na koili nzima, ile inayoipa plagi cheche, akamwekea iliyochoka?

Lakini moyoni mshtakiwa nambari moja alikuwa shemeji yake, mdogo wa mkewe. Shemeji aliiazima ile mashine siku moja, mwezi uliopita, akairudisha imeoshwa. Imeoshwa! Nani anarudisha kitu cha watu kimeng'aa hivyo kama hafichi jambo? Halafu petroli ndani ya tangi ilikuwa nyingi kuliko aliyoiacha mwenyewe. Hilo ndilo lililomnyima raha kabisa. Mtu akikupunguzia unajua ni mwizi. Akikuongezea, anatafuta nini? Tangu siku hiyo alikizungushia kifuniko cha tangi nailoni ngumu, akaibana kwa ukanda wa tyubu, akapiga fundo lake. Na juzi jirani alimwambia amemwona shemeji huyo getini na matroni, wanacheka.

"Anataka kazi yangu," alimwambia mkewe jioni ile. "Kaiharibu mashine, sasa anajipendekeza."

"Ndugu yangu anauza viatu," mkewe akasema. "Nyasi za nini kwake?"

"Ndiyo maana ameanza kwa kucheka."

"Mzee Kagua, iko siku utalikagua tonge mdomoni mwako."

Alhamisi mashine ikazima palepale kwenye dirisha la kliniki, nyasi hazijafika hata robo. Akaing'oa plagi ingali ya moto, akaigusisha kwenye chuma, akavuta kamba. Cheche ikaruka, ya buluu, nene. Alisikitika kidogo. Cheche ingekuwa dhaifu, Mama Spana angekuwa amepatikana na hatia. Hata hivyo akairudishia plagi, akaisukuma mashine mpaka kwa mama huyo, akamsimamia kwa karibu.

"Baba, unaniangalia mikono au uso?" Mama Spana akauliza.

"Vyote."

"Haya. Ukichoka niambie nikuletee kiti."

Akafungua chujio la hewa: safi. Akalegeza boliti chini ya kabureta. Likatoka tone moja, la pili, basi.

"Kabureta imekauka. Petroli haishuki."

"Nilijua! Imeibwa!"

Mzee Kagua akalirukia tangi. Kwanza akaliangalia fundo. Ncha ilikuwa chini, mizunguko yote iko mahali pake. Akalifungua, akaikunjua nailoni, akakilegeza kifuniko.

Fyuuuu.

Tangi lilikuwa limejaa zaidi ya nusu. Mama Spana aliinua kichwa taratibu.

"Umeisikia hiyo?"

"Nimesikia nini?"

"Hebu rudishia kifuniko. Hilo linailoni liache." Akaikaza boliti, akavuta kamba. Mashine ikawaka kwa mvuto wa kwanza, ingali ya moto kama pasi.

Mzee Kagua akarudi nyuma hatua moja. "Umebonyeza kitu."

"Sijabonyeza kitu. Lete nailoni yako, tuifunge tena kama ulivyoifunga, halafu tukae."

Wakafunga, fundo akapiga Mzee Kagua mwenyewe maana hakutaka lipigwe na mtu mwingine. Wakakaa. Dakika ya kumi na nane ikaanza kukohoa, ya ishirini ikazima. Akafungua: fyuuu. Ikawaka papo hapo. Akataka irudiwe. Ikarudiwa, ikawa vilevile.

Mama Spana akakigeuza kifuniko kwenye mwanga, akamwonyesha kitundu kidogo kama cha sindano. "Hii ndiyo pua yake. Petroli ikishuka, hewa iingie kushika nafasi. Wewe umemziba pua, halafu unamwambia kimbia. Moto unasingiziwa bure."

Mzee Kagua akakumbuka. Kila ilipozima, kabla ya kuiwasha tena, alikuwa anafungua kwanza kukagua kama petroli imeibwa. Yeye akaamini ni kivuli kinachoiponya.

"Sasa nani aliyeiziba?" Mama Spana akauliza, macho yake kwenye ule ukanda.

Mzee Kagua akaukunja, akautia mfukoni.

"Baba, fundo hilo mtaa mzima tunalijua."

Ijumaa alianza mapema, kifuniko kikiwa uchi. Mashine haikukohoa hata mara moja. Alasiri matroni alitoka, akatazama toka getini mpaka ukutani, akavuta pumzi ya nyasi mbichi.

"Mshukuru shemeji yako," akasema. "Mimi nilitaka kukuondoa Jumatatu iliyopita. Akanishika hapo getini, akaniomba nikuvumilie wiki moja. Alinichekesha na habari za kofia yako mpaka nikashindwa kukataa. Haya, tuendelee na kazi, mzee wangu."

Hakwenda nyumbani moja kwa moja. Aliisukuma mashine mpaka kwenye kibanda cha viatu, akasimama mlangoni bila kujua aanzie wapi. Shemeji alikuwa anapanga kandambili. Akainua macho, yakatua kwenye tangi.

"Shemeji! Leo fundo liko wapi?"

"Nimelikata."

"We! Unaumwa?"

"Ukihitaji mashine, ichukue. Hata kesho." Akakohoa, karibu kama mashine yenyewe. "Nilikuwaza vibaya, shemeji. Nimekosa."

"Najua. Dada aliniambia kila kitu. Karibu ukae."

Akakaa kwenye kigoda.  Lakini lile jambo lilimwasha, akashindwa.

"Na ile petroli uliyoniongezea. Uliongeza ya nini?"

Shemeji akacheka. "Umeniachia mashine yako siku nzima, nikurudishie tangi limekauka? Si ungenitangaza mtaa mzima?"

Mzee Kagua aliligeuza jibu hilo kichwani, upande huu na upande ule, akitafuta mahali lilipofunguliwa na kufungwa tena. Hakupaona. Ncha ilikuwa inaangalia chini.