Pua ya Kashindye

Soko huria lilipofika Kasoli, wa kwanza kupata uhuru walikuwa wauza sumu. Zamani ushirika ulileta dawa ya pamba ya aina moja; ilichelewa, lakini ilikuwa dawa. Sasa kila mwenye baiskeli na chupa kuukuu za juisi akawa bwana shamba. Tukaambiwa mkulima achague mwenyewe. Achague kwa kutumia nini? Kwa kutumia Kashindye.

Kashindye alikuwa mpulizaji. Miaka ishirini alibeba bomba mgongoni, dawa ikimtiririkia mpaka makalioni, na kazi hiyo ikampa pua iliyoogopwa na matapeli. Alifungua kifuniko, akavuta pumzi ndefu kama anayenusa ugoro, akatoa hukumu: "Dawa." Au: "Haya maji ya ziwa. Rudisha Lamadi, dagaa wanayatafuta." Hatukuwa na maabara, tulikuwa na matundu mawili ya pua ya mtu mmoja, na tuliyaona yanatosha.

Msimu wa tisini na tano akanusa dawa ya muuzaji mmoja, Machibya, akasema ni dawa. Funza wakaoga humo, wakanenepa, wakala nusu ya pamba ya kijiji. Sungusungu wakakaa, wakaamua Kashindye kahongwa, wakamtenga: hakuna kumsalimia, hakuna kumpa moto, na akifiwa azike mwenyewe, mpaka akiri. Na Machibya? Alihamia Nkololo na chupa zake. Soko si huria?

Kisha mkono wa kulia wa Kashindye ukaanza kutetemeka. Mwenyekiti wetu wa sungusungu, Masunga, akatangaza: "Mmeona? Hongo inamtokea vidoleni." Tukacheka, mijitu mizima.

Miaka miwili baadaye akaja Justina, mwanafunzi wa udaktari kutoka Dar es Salaam. Alikuwa anafanya utafiti wa ugonjwa wa Parkinson, ule wa kutetemeka na kukakamaa: unaletwa na nini, na unaweza kugunduliwaje mapema. Alitaka wapulizaji. Masunga akampa majina ya wote, isipokuwa moja. Lakini binti aliona ule mkono njiani, akaufuata mpaka nyumbani.

"Baba, kabla ya mkono, kilianza nini?"

Mkewe, Anyesi, ndiye aliyelipuka. "Mwambie! Mwambie ulivyokunywa maziwa yaliyooza! Mboga inaungua mbele yako, unaniuliza imeiva?"

"Nyamaza, mama Shija."

"Mama yako tumemzika wawili, mimi na wewe, na huo mkono wako kwenye jembe! Halafu ninyamaze?"

Basi akasema. Pua yake ilikuwa imekufa kabla ya msimu ule. Aliinusa chupa ya Machibya, hakusikia harufu yoyote, akaona watu arobaini wanamkodolea macho, akasema dawa.

"Hongo sikula, mwanangu. Niliona aibu."

Justina akaitisha mkutano, na Kashindye akaja naye. Binti akatueleza kwamba pua kufa inaweza kuwa dalili ya mwanzo, miaka mingi kabla ya mkono kutetemeka, na kwamba dawa tunazopuliza ni miongoni mwa vinavyoshukiwa. Akatoa matambara matatu: la kitunguu, la sabuni na la mafuta ya taa. Kashindye akanusa yote mbele yetu. Mara tatu akatikisa kichwa.

"Anaigiza huyo!" Masunga akafoka. Naye alibeba bomba miaka kumi na miwili kabla ya kupata kiti. Akampokonya tambara la mwisho, akalinusa. "Hili lenyewe halina kitu! Binti, unatuletea tambara kavu?"

Lilikuwa la mafuta ya taa. Sisi tuliokaa nyuma kabisa lilikuwa linatuchoma pua.

Safari hii hakucheka mtu. Masunga akanusa tena, na tena, kisha akaanza kuvitazama vidole vyake, kimoja kimoja.

Kashindye akainuka, akamsogelea, mkono ukicheza.

"Mwangaluka, mwenyekiti."

Kwa sheria aliyoipitisha mwenyewe, Masunga hakutakiwa kuitikia salamu ile.

"Mwangaluka," akaitikia.