Video Tuliyowatumia Wakorea

Mdogo wangu alikuwa kidato cha tatu alipoanza kulipenda kundi moja la vijana waimbaji wa Korea. Tuliishi Tunduma, mpakani na Zambia, nyuma ya duka la baba la mashuka na mapazia. Simu yangu ilikuwa na laini ya Zambia, iliyoshika vizuri zaidi, basi tulikaa uani tukingoja video zifunguke.

Nyimbo tu zisingemnasa vile. Wale vijana walijirekodi wakila tambi, wakigombania kitanda, wakilia kwa uchovu baada ya mazoezi. Kisha mmoja anaisogelea kamera, na maandishi ya Kiingereza yanapita chini: umekula leo? Nyumbani kwetu baba aliulizia mauzo, mama aliulizia maji. Mdogo wangu alikuwa akiijibu simu kwa sauti, "Nimekula."

"Wanaongea na dunia nzima, wewe," nilimwambia.

"Najua. Na mimi nimo."

Siku moja wakatangaza kwamba mashabiki wajirekodi wakicheza wimbo mpya, wao wataziunganisha video zote ziwe moja. Mdogo wangu akakusanya wenzake watatu wa darasani. Wakafanya mazoezi uani kwetu mpaka mama akachoka na vumbi. Tulirekodi mchana, kwenye uwazi kando ya foleni ya malori, wakiwa na suruali za michezo, yeye mbele na mtandio wake umebanwa kwa pini. Madereva walipiga honi kushangilia. Simu yangu ikashindwa kuituma video, tukaipeleka kwa kaka mmoja mwenye kafe ya intaneti. Akaituma, na bila kutuambia akabaki na nakala.

Video ya Wakorea ilipotoka tuliitazama pamoja. Wasichana wa miji mingine walionekana vizuri, wanacheza mbele ya vioo. Sisi tulipita kufumba na kufumbua: matairi ya lori, miguu ya wenzake, na katuni ya moyo iliyochorwa juu ya uso wa mdogo wangu.

"Huyu ni mimi," alisema, akionyesha mkono.

Chini ya video mtu alikuwa ameandika, kumbe huko nako kuna umeme, na wengi wamecheka. Aliyasoma maneno hayo, akanirudishia simu.

Hapa Tunduma, kwa upande mwingine, video yetu nzima ilikuwa inatembea simu kwa simu. Baba alifunga duka adhuhuri na kuingia ndani, jambo ambalo halikuwa kawaida yake.

"Nimeonyeshwa mwanangu kwenye simu ya utingo wa lori," alisema. "Ananiuliza kama namfahamu!"

"Baba, tulikuwa tunacheza tu. Ni ya Wakorea."

"Hao Wakorea wanakujua?"

Nadhani mdogo wangu angepigwa ingemuuma kidogo kuliko swali hilo.

Alipelekwa Itaka kwa mjomba, kwenye shamba la kahawa. Shuleni waliambiwa anaumwa. Mama alimfungia nguo kwenye begi. Mwenye kafe hakuulizwa na mtu. Hadi leo ananisalimia kwa bashasha.

Muda mfupi baadaye wale vijana walitoa video nyingine, wamekaa kwenye sofa wakitazama mashabiki wao wakicheza, wanafuta machozi. Tumewaona nyote, walisema. Niliwachukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu ninayemjua. Nikaandika chini, kwa Kiingereza changu cha shule, kwamba mmoja wa hao mliowaona ameachishwa masomo. Maneno yangu yakazama papo hapo chini ya mioyo ya watu wengine.

Nilipomtembelea Itaka nilimbebea video zao mpya. Aliufuta utomvu wa kahawa vidoleni, akatazama kidogo.

"Wamenenepa," alisema. "Zima, chaji itaisha."

Hakurudi shule. Aliolewa hukohuko. Siku hizi baba naye ana simu kubwa. Hukaa dukani akitazama vichekesho na kucheka peke yake. Mdogo wangu akija kutusalimia, baba humwita, "Njoo uone huyu anavyocheza!"

"Nina kazi, baba," hujibu kutoka jikoni, hata kama masufuria yote yameshaoshwa.