Ukumbi wa Jumamosi Haufungwi

Wiki jana nilipokea barua pepe kutoka kwa kampuni inayotuhifadhia ukumbi wetu wa mtandaoni. Ilikuwa barua fupi na yenye adabu, ya watu wasiokujua. Ilisema kwamba kurasa za zamani zisizo na wageni wa kutosha zitafutwa mwisho wa mwezi, na kwamba wananishukuru kwa kuwa nao miaka yote hiyo. Niliisoma nikiwa nimesimama jikoni kwangu hapa Kinoru, mjini Meru, chai ikikaribia kufurika, na nikashikwa na hasira ambayo sikuwa nayo hata siku nilipoibiwa simu sokoni Gakoromone. Wageni wa kutosha. Ni nani aliyewaambia kwamba nyumba hupimwa kwa wingi wa wageni?

Basi keti, rafiki yangu, nikueleze ni kitu gani wanachotaka kukifuta, halafu utaniambia kama nina haki ya kukasirika. Nitaendelea kukasirika vyovyote utakavyosema.

Nililelewa na nyanya yangu, si mbali na Mikinduri. Jumamosi zetu zilianza kwa kukata majani ya ng'ombe kungali na umande, nyasi zile zinazokata vidole nawe usijue mpaka uoshe mikono kwa sabuni. Kisha uji wa wimbi, kisha kuchagua maharagwe, kisha sokoni na ndizi na maparachichi. Nyanya akimaliza kuuza alifuta miguu yake vizuri kwa kipande cha gunia, akafunga leso upya, akaniambia, "Twende kwa watu." Watu hao walikuwa ndani ya kompyuta.

Saiba, chumba cha kukodi kompyuta, ilikuwa nyuma ya duka la vitambaa la mzee mmoja Mwislamu, mzaliwa wa Maua. Mashine zilikuwa tatu tu. Mle ndani mlinukia ubani na leso mpya, na kwenye dirisha iliingia harufu mbichi ya miraa kutoka kwa wafanyabiashara waliokuwa wakifunga mafungu yao kwa majani ya migomba. Mashine zilinguruma, na ukurasa mmoja ulifunguka polepole kutoka juu kwenda chini, mstari baada ya mstari, sisi tukiutazama kwa subira.

Mara ya kwanza tulikwenda kwa sababu migomba yetu ilikuwa ikigeuka njano na afisa wa kilimo alikuwa ameahidi kuja mpaka tukachoka kumngoja. Mzee wa duka alisema kuna ukumbi mtandaoni, ulioanzishwa na karani mmoja wa Chuka, ambamo watu wa Meru, Embu, Mbeere na Tharaka wanaulizana mambo ya shamba na ya nyumbani. Waliandikiana kwa Kiswahili ili wote waelewane. Nyanya hakujua kusoma. Mimi nilikuwa darasa la sita na nilikuwa najua, kwa hiyo yeye angesema kwa Kimeru nami ningeandika kwa Kiswahili. Kabla hatujaanza aliinama akaitemea kibodi mate kidogo, vile wazee wetu wanavyombariki mtoto anayesafiri. Mzee wa duka alikuja mbio na kitambaa.

"Mama, hiyo baraka yako iko na maji," alisema. "Hizi mashine hazitaki maji."

Nilipouliza niandike nini kuhusu migomba, nyanya alinishangaa. Utaingia kwa watu uanze kuomba dawa kabla hujajua wameamkaje? Alinitaka nimsomee majina yote yaliyokuwa kwenye ukurasa, na kila jina akalitumia salamu yake. Nilidonoa herufi kwa kidole kimoja mpaka mzee wa duka akatuhurumia akatuletea chai ya tangawizi. Wenyeji wa ukumbi walicheka. Mmoja aliandika, "Huyu mama amekuja kulima ama amekuja kusalimia?" Lakini Jumamosi ya tatu muuguzi mmoja wa Ishiara alijibu salamu zake zote, akauliza na ng'ombe wetu anaendeleaje. Mwaka ulipokwisha, hakuna aliyethubutu kuuliza jambo pale kabla ya kusalimia. Migomba tulikuwa tumeshaitibu zamani, lakini hatukuacha kwenda.

Sasa kulikuwa na mwalimu mstaafu wa Runyenjes. Huyu ndiye aliyekuwa mpinzani wa nyanya. Walibishana kuhusu mbolea, kuhusu mvua, kuhusu kama kahawa ing'olewe au iachwe, na nyanya alikuwa akitembea kwenda Mikinduri akipanga hoja zake kwa sauti, mpaka watu wa njiani wakadhani ananigombeza mimi. Ugomvi wao mkubwa ulikuwa wa githeri. Mwalimu alitia magadi ili mahindi na maharagwe yaive upesi. Nyanya alisema magadi ni uvivu, kwamba yanaharibu ladha na kumfanya mtu asahau kazi ya moto. Walilirudia jambo hilo wiki nne au tano, na ukumbi mzima ulikuwa umegawanyika.

Jumamosi moja nyanya aliniambia niandike kwamba githeri ya magadi haina heshima. Niliandika hivyo. Kisha, yeye akiwa amegeuka kumsalimia mteja mlangoni, nikaongeza langu: "Ndiyo maana unakula peke yako."

Nitakuambia ukweli kwa nini niliandika. Nilikuwa nimechoka kuwa mkono wa mtu mwingine. Nilitaka nione kama maneno yangu mwenyewe yanaweza kuchekesha watu wazima, na yalichekesha. Kabla hatujaondoka watu sita walikuwa wamesifu, wakisema nyanya wa Mikinduri ana ulimi wa wembe. Nilitembea kurudi nyumbani nikiwa na furaha mpya kabisa, sikuhisi hata uzito wa kikapu.

Jumamosi iliyofuata mwalimu hakuandika. Iliyofuata pia hakuandika. Nyanya alimtumia salamu zake kama kawaida, nami nikazituma, ingawa nilikuwa nimeanza kuelewa. Ya nne ilipopita alinitazama akasema mtu hanyamazi bure. Ama ni mgonjwa, ama amekosewa, na yote mawili hutazamwa kwa macho, hayaulizwi kwa mashine. Karani wa Chuka alitueleza njia. Wiki ileile tukafunga safari ya Runyenjes na mkungu wa ndizi, na mimi nikaomba kimyakimya tumkute mgonjwa. Hebu fikiria mtoto anayeomba jambo kama hilo.

Tulimkuta mzima, akipogoa kahawa yake. Alikuwa mrefu, shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Nyanya alipojitaja alinawa mikono, akatukaribisha kwenye viti, akauliza habari za nyumbani moja baada ya nyingine. Hakutabasamu hata mara moja.

"Mwalimu, mimi nilifikiria wewe iko mgonjwa," nyanya alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Kwa nini umetunyamazia?"

"Mimi si mgonjwa, mama. Niliamua tu nikae." Alitazama kiganja chake. "Uliniambia ninakula peke yangu. Ni kweli. Mama wa hapa, mke wangu, tulimzika mwaka jana. Ni yeye alikuwa anajua kupika. Mimi hiyo magadi natia kwa vile sijui kukaa na moto."

 Nyanya alinigeukia polepole. Hakuuliza kama ni mimi. Alijua yale hakuyasema yeye, na hapakuwa na mtu mwingine. Aliniambia neno moja la Kimeru, niseme. Nilisimama nikasema kwamba ni mimi niliyeandika, kwamba nyanya hakujua, na kwamba sikujua kuhusu mama wa pale. Nililia kabla sijamaliza.

 Mwalimu alisema, "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Nilifundisha watoto hiyo miaka thelathini, na hakuna hata mmoja alishika." Kisha akaingia jikoni akatoka na sahani tatu za githeri ya magadi, rangi yake ikiwa imekolea kupita kiasi na maharagwe yamepasuka. Nyanya alipokea sahani yake kwa mikono miwili. Alikula yote, bila kukunja uso. Halafu akamnyooshea mwalimu ile sahani tupu.

"Niongezee," alisema.

Hapo ndipo mwalimu alipocheka. Alicheka mpaka akavua miwani.

Nyanya hakunichapa. Jumamosi iliyofuata alinikalisha mbele ya mashine, akaniambia niandike yote niliyoyafanya, na mwisho niweke jina langu, si lake. Ukumbi haukuwa umejua kwamba nipo. Nilibonyeza, nikangoja. Wa kwanza kujibu alikuwa mwalimu wa Runyenjes: alinisalimia kwa jina, akaniuliza ng'ombe wetu yu hali gani na mtihani wa hesabu niliufanyaje. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwa watu kwa miguu yangu mwenyewe, na tangu siku hiyo nimekaa humo.

Yaliyofuata unayajua, maana yamekupata na wewe. Simu zilikuja, kila mtu akapata kioo chake, na watu wakahama mmoja mmoja bila kuaga. Saiba ya Mikinduri sasa inauza vifuniko vya simu. Mzee wa duka alirudi Maua kwa wanawe. Nyanya tulimzika, na watu kumi na wawili ambao kijiji hakikuwajua walikuja kutoka Embu, Ishiara na Chuka wakasimama mbele ya mchungaji na kujitambulisha kwa majina ya ukumbini. Karani alipozeeka alinikabidhi ukumbi na neno lake la siri. Mwalimu naye alikufa, miaka miwili sasa. Sisemi zamani kulikuwa kuzuri. Umeme ulikatika sentensi ikiwa nusu, na tulikuwa na wajinga wetu kama wanavyopatikana kila mahali. Ila mjinga wetu tulijua kwao.

Mpwa wangu, fundi wa kompyuta, ameniambia mara nyingi niache. "Aunty, hiyo kitu ilikufa kitambo. Si ufungue tu group, watu wote wako huko." Nami niko kwenye magrupu kumi na manne. Mwaka jana nililala wiki mbili na homa ya matumbo. Magrupu yote kumi na manne yaliendelea kutuma picha za wanasiasa na maua ya asubuhi njema. Kule ukumbini tumebaki tisa, na Jumamosi ya pili yule muuguzi wa Ishiara, mstaafu sasa, macho yenyewe hayaoni vizuri, aliandika kuuliza binti wa Mikinduri yuko wapi. Jumatatu mke wa karani alikuwa langoni kwangu na supu. Kwa hiyo mtu asiniambie kilichokufa ni kipi.

Nilikuwa nimeiandikia ile kampuni barua tatu, na haikujibu hata moja. Nakiri kwamba jana nilianza kulegea. Nilifungua ukumbi nikiwa na nia ya kuwaaga wenzangu. Nikakuta ujumbe kutoka kwa mtu ambaye hajawahi kuandika hapo.

"Hapa bado kuna mtu? Mimi ni binti ya mwalimu wa Runyenjes. Nimepata hii address kwa kitabu yake. Miaka yote nilikuwa Nairobi nikidhani baba anaishi peke yake, na hiyo kitu imenisumbua sana tangu tumzike. Nimesoma tangu asubuhi. Sikujua alikuwa na watu wengi hivi. Tafadhali msifute haya maneno."

Nilimwita mpwa wangu nikampa asome. Alisoma, akateremsha ukurasa, akasoma ugomvi wa magadi wote, akacheka peke yake. Baadaye alisema ofisini kwao kuna mashine moja ya zamani haina kazi, anaweza kuileta hapa sebuleni. Ameshaileta. Iko pale karibu na dirisha, inanguruma kuliko friji, na tangu asubuhi tunahamisha miaka yetu yote, ukurasa kwa ukurasa. Amesema itachukua mpaka Ijumaa.

Kampuni na ifunge, basi. Jumamosi tutafungua, tisa na huyo binti wa kumi, na hatutahesabu wageni. Na anayetaka kuja kututukana aje tu, nafasi ipo, ila ajue mapema kwamba watu wa ukumbi huu wakitukanwa hufunga safari mpaka kwa aliyewatukana, na yeye ndiye atakayepika.