Vigingi Vyekundu

Juzi nilipita Ganda nikaona vigingi vyekundu vya wapima ardhi kwenye shamba linalouzwa, na papo hapo harufu ya dawa ya kuchua misuli ikanijia puani.

Alasiri moja nilipokuwa mtoto, chumba cha wachezaji kilijaa harufu hiyo. Nilichungulia dirishani nikamwona baba, golikipa wa timu, amekaa na glavu zake mapajani. Mwenyekiti wa klabu alikuwa akiwaomba wapokee nusu ya malipo.

“Timu hii ikifa, wanangu, mtacheza wapi?”

Baba alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Wengine wakamfuata mmoja mmoja.

Nyundo ilikuwa ikilia mbali, ko, ko, nyuma ya goli la pili. Nilikimbia kutazama, nikakuta wanaume wawili wakipigilia vigingi vyekundu kwenye pembe za uwanja. Nikadhani tunawekewa vibendera vipya vya kona. Mwenyekiti alipotoka, nilimwendea kumshukuru.

“Shikamoo, babu. Ahsante kwa vibendera.”

“Marahaba.” Aliniwekea mkono kichwani, nao ulikuwa umelowa jasho. “Babako usimwambie. Mwache ajionee mwenyewe.”

Njiani baba aliniuliza mbona natabasamu peke yangu. Sikumwambia.