Sifuri Niliyoiweka Ndabibi

Si mashine. Ni mimi! Miaka yote hii nimewaambia watu mashine iliharibika, tena kwa sauti ya huzuni ya kisomi, hadi nikakaribia kuamini hivyo mwenyewe. Mashine ilikuwa nzima.

Ilikuwa miaka ya sabini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu juzi tu, msaidizi wa profesa aliyepima gesi zinazotoka ardhini huku Bonde la Ufa. Alikuwa na leza ndogo, mpya kabisa. Unapitisha mwanga wake kwenye bomba lenye hewa, na gesi ya kaboni inameza sehemu ya mwanga huo. Mwanga ukipungua sana, gesi ni nyingi. Lakini kwanza lazima ulijaze bomba naitrojeni safi ya mtungi, uionyeshe mashine: hapa hakuna gesi, hii ndiyo sifuri.

Profesa alikuwa Nairobi wakulima wa Ndabibi waliponiita. Walikuwa wakichimba shimo la kuwekea maji ya mvua, na mbuzi walikuwa wamefia humo.

Nilipofika nikakuta mtungi wangu umeisha. Ningerudi Nakuru kuchukua mwingine. Ningerudi! Lakini watu walikuwa wamejaa wakiningoja, nami, Mungu anisamehe, nilikuwa nimevaa suruali ya bugaluu nyeupe.

"Daktari wa hewa amefika!" akaita Njoroge, mchimbaji wao. "Madam, hiyo mashine inakula gesi ama inakula stima tu?"

Wakacheka. Mimi sikucheka.

Mpira wa kuvutia hewa ulikuwa tayari chini shimoni, umetapakaa matope. Kuutoa kungenichafua. Nikajiambia hewa ni hewa. Nikaivuta ile ile ya shimoni, nikaiambia mashine: hii ndiyo sifuri. Kisha nikapima shimo. Mnafikiri ilisoma nini?

"Inasema aje?" akauliza Njoroge.

"Inasema uko salama."

"Umesikia, Mama Kamau? Nikifa, huyu ndiye atakulimia shamba."

"Na hiyo suruali?" mkewe akajibu. "Shuka huko, wacha mdomo."

Akashuka. Akakaa chini kama mtu aliyechoka, na hakuinuka tena. Shemeji yake alitaka kumfuata. Wanawake wakamshika shati. Mama Kamau alimwita mumewe hadi sauti ikakatika. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya mashine, safi!

Niliacha maabara. Siku hizi naandika makala za kukosoa wakubwa, na wasomaji husifu ukweli wangu. Chekeni tu. Nikipita njia ya Ndabibi napandisha kioo cha gari, kana kwamba mjane wa Njoroge anaweza kuninusa.

Wewe unayepima chochote, damu, maji, breki za lori: kama huna kitu safi cha kuanzia, funga vyombo vyako uende nyumbani. Wacha wakucheke. Kuchekwa hakuui!

Mashine ilipelekwa Nairobi. Baada ya siku chache, simu ya ofisi ikalia.

"Nimeijaribu," akasema profesa. "Ni nzima. Sifuri uliiweka kwa hewa gani?"

"Ya shimoni."

Nikamsikia akifunga mlango.

"Kuna mwingine anayejua?"

"Hapana."

"Basi ripoti itasema iliharibika."

Nikasema, "Asante, Profesa."